Filamu ya Asilimia 94 Iliyomlaza Msomaji Usingizi

Swali: Habari za kazi. Kila msimu wa filamu mpya huwa nasoma maoni ya wahakiki kabla ya kuamua nikatazame ipi. Msimu huu wamenichanganya kabisa. Kuna filamu moja ya taratibu sana, ya ndugu wanaogawana nyumba ya marehemu baba yao. Ilipewa asilimia 94, nami nikasinzia kabla haijafika katikati. Nyingine, ya kutisha, wameiponda hadi ikabaki na asilimia 41, na mimi nimeitazama mara mbili na bado naiota. Hiyo hiyo, mhakiki mmoja kaipa nyota moja, mwenzake kaipa nne. Je, hawa watu wanatazama filamu ileile ninayoitazama mimi? Na kama wao kwa wao hawapatani, kuna faida gani kuwasoma?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na lile la mwisho, maana ndilo lililonigusa. Faida ipo, tena kubwa, ila si ile uliyoifuata. Wewe ulikwenda kutafuta hukumu. Mhakiki anayeijua kazi yake anakupa ushahidi: ameona nini, amesikia nini, filamu ilimshika wapi na ikamwachia wapi. Hukumu anayoipachika mwishoni, ziwe nyota au alama, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika maandishi yake, na ndiyo inayosambaa kuliko zote.

Nikueleze nyota zinavyopatikana. Nikiwa ukumbini nina daftari dogo magotini. Naandika gizani bila kutazama karatasi, mistari inapandana, na baadaye nusu ya maneno sitaweza kuyasoma. Msimu uliopita nilitoka kwenye onyesho la wanahabari nikiwa na kurasa tatu za namna hiyo. Katika ukurasa wa pili palikuwa na maneno haya: "Mlango wa nyuma, mara ya tatu. Haufungwi." Nilikuwa nimeshasahau kwa nini niliyaandika. Nikakaa nje ya ukumbi karibu nusu saa nikiyatafakari, ndipo nikakumbuka. Mwanzoni mwa filamu tunamwona mke akifunga mlango wa nyuma usiku mara mbili, kwa utaratibu uleule: ufunguo, kisha komeo, kisha anausukuma kidogo kwa kiganja kuhakikisha. Usiku ambao mumewe amerudi baada ya miaka, anafika mlangoni, anasimama mbele yake, kisha anaondoka. Hakuna anayesema kitu. Muziki haupandi. Kamera haiusogelei mlango. Uhakiki wangu wote niliujenga juu ya mlango ule.

Na nyota? Mhariri alipiga simu akisema ukurasa unasubiri, nipe idadi. Nikamwambia tatu. Kabla hajakata simu nikamwambia weka nne. Kati ya filamu "nzuri" na filamu "nzuri sana", kwa maelfu waliosoma siku ile, palikuwa na sekunde tano za kusitasita kwangu kwenye simu. Kuhusu mlango nilikuwa na hakika, na hata leo ninayo. Ndiyo maana nakuomba unisome kwa ajili ya mlango.

Sasa tuzichukue nyota za namna hiyo, za watu mia mbili au tatu, tuzikamue zitoke tarakimu moja. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanza 1998 na ambayo asilimia zake ndizo zinazonukuliwa kuliko zote, kazi yake ni kuhesabu vichwa. Kila uhakiki unawekwa upande mmoja kati ya pande mbili, umeisifu filamu au haukuisifu, kisha inatafutwa asilimia ya waliosifu. Ikifika 60, filamu inapewa nyanya nyekundu. Ikipungua hapo, inapewa doa la kijani la kitu kilichopondeka. Basi. Aliyeipenda hadi machozi yakamtoka na aliyesema "inatazamika" wote wamehesabiwa kichwa kimoja kimoja.

Chukua kalamu tujaribu. Wahakiki mia wameitazama filamu ya kwanza, na kila mmoja ameipa alama 6 kati ya 10. Hakuna aliyeichukia, hakuna aliyeikumbatia. Wote wanahesabiwa wamesifu, kwa hiyo filamu inatoka na asilimia 100. Filamu ya pili imewagawa: 60 wameipa 10 kamili, 40 wameipa 3. Hii inatoka na asilimia 60, imebakia chupuchupu kupondwa. Sasa tafuta wastani. Ya kwanza ina 6. Ya pili ina 7.2. Ile iliyopata mia ndiyo iliyopendwa kidogo. Sina ugomvi na hesabu hiyo kwa kuwa inajibu swali lake barabara: ni wangapi hawakujuta kuitazama? Ugomvi unaanza pale mtu anapoisoma kama alama za mtihani. Metacritic, iliyoanza 2001, inajaribu njia nyingine: inageuza kila uhakiki kuwa alama kati ya 0 na 100 na kutafuta wastani, huku baadhi ya magazeti yakipewa uzito kuliko mengine, na uzito wenyewe hautangazwi. Inakaribia kidogo kile unachokitafuta. Mlango wa nyuma, hata hivyo, haumo huko nako.

Kwa hiyo ile asilimia 94 inaweza kabisa kuwa na maana ya watu wengi waliosema "imetulia, imeigizwa vizuri, sina la kulalamikia". Na 41? Hizo ni karibu watu wanne katika kila kumi waliosimama kuitetea filamu ya kutisha ambayo wenzao waliikataa. Ningekuwa wewe, ningewatafuta hao wanne kwanza. Mtu anayetetea kitu huku wenzake wakimcheka huwa anaeleza kwa kina, kwa sababu analazimika kueleza.

Usije ukadhani basi ukimbilie alama za watazamaji. Nazo zina mambo yake. Marekani kuna kampuni inayoitwa CinemaScore ambayo huwahoji watazamaji wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza, nao wanaipa filamu daraja kama shuleni, kuanzia A+ hadi F. Mwaka 2018 filamu ya kutisha ya Hereditary ilisifiwa sana na wahakiki, na watazamaji wa usiku wa kwanza wakaipa D+. Mwaka mmoja kabla, filamu iitwayo mother! ilipata F kavu. Ukiuliza kulikoni, jibu liko kwenye trela. Anayekwenda usiku wa kwanza anakwenda kwa ahadi aliyopewa na tangazo, na daraja analotoa linaonyesha ahadi ilitimizwa au la. Filamu inaweza kuwa kazi kubwa na bado ikawa imetangazwa kama kitu kingine. Na huko mtandaoni kuna wanaopiga kura kabla hata filamu haijatoka. Mwaka 2019 Rotten Tomatoes ililazimika kufunga sehemu ya watazamaji kutoa maoni kabla ya siku ya kutoka, kisha ikaanza kuonyesha kando alama za waliothibitika kununua tiketi.

Hiyo ilikuwa hesabu. Jambo lenyewe hasa liko kwingine, na ili nikuelekeze vizuri itabidi nikurudishe kwenye msimu mmoja ambao sisi wahakiki tungepaswa kufundishwa siku ya kwanza kazini: kiangazi cha 1982 huko Marekani.

Tarehe 11 Juni 1982 ilitoka E.T., filamu ya Steven Spielberg ya mtoto na kiumbe mpole aliyeachwa duniani na wenzake. Watu walilia, wakarudi tena na watoto wao, na hadi 1993 hakuna filamu iliyoipita kwa mapato ya tiketi. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Juni, zikatoka mbili kwa siku moja: The Thing ya John Carpenter na Blade Runner ya Ridley Scott. The Thing nayo ni ya kiumbe kutoka nje ya dunia, na imesambazwa na studio ileile iliyosambaza E.T. Lakini kiumbe huyu hana upole. Ameingia kwenye kambi ya wanaume kumi na wawili huko Antaktika, anammeza mtu na kugeuka kuwa yeye, sauti yake na sura yake, hadi hakuna anayejua mwenzake bado ni mwenzake au la.

Wahakiki waliirarua. Vincent Canby wa New York Times aliitupa kwenye fungu la takataka. Roger Ebert, ambaye wakati huo alishapata tuzo ya Pulitzer kwa uhakiki wake, aliipa nyota mbili na nusu, akilalamika kwamba wahusika ni wepesi na kwamba kazi kubwa ya filamu ni kutia kichefuchefu. Muziki wake, uliotungwa na Ennio Morricone, uliteuliwa kuwania tuzo ya dhihaka ya Razzie kama muziki mbaya wa mwaka. Sikia kilichotokea baadaye: baadhi ya muziki ambao Morricone aliuandikia filamu hiyo na haukutumika uliingizwa kwenye The Hateful Eight ya 2015, na muziki wa filamu hiyo ndio uliompa tuzo yake ya Oscar ya ushindani mwaka 2016.

Leo The Thing inahesabiwa miongoni mwa filamu kubwa za kutisha zilizowahi kutengenezwa. Watu wanaposimulia kisa hiki huishia hapo: wahakiki walikosea, watazamaji wa baadaye wakapatia. Mimi nimewahi kukaa na maoni ya msimu ule nikiyasoma moja baada ya jingine, na sikuona upofu. Wanalalamika kwamba filamu ni baridi. Kwamba hakuna mtu wa kumpenda. Kwamba wanaume wale hawana urafiki, kila mmoja ni kisiwa. Kwamba miili inaumbuliwa kwa namna isiyotazamika. Kwamba mwisho hautatui chochote, wanaume wawili wameketi kwenye theluji na hatujui nani kati yao ni binadamu. Sasa mwulize mpenzi wa filamu hiyo leo anaipendea nini. Atakutajia orodha hiyohiyo, jambo kwa jambo. Baridi ile, kutoaminiana kule, mwisho ule usiofungwa.

Waliona sawasawa, ndugu yangu. Ushahidi wao ulikuwa kamili. Kilichobadilika ni hukumu, na hukumu ile iliathiriwa na msimu. Ukitoka kumlilia kiumbe mpole wiki mbili zilizopita, ubaridi unauona kama kosa. Ukiitazama The Thing peke yake miaka ishirini baadaye, usiku, bila mwenziwe wa msimu, ubaridi unauona kama ndio shabaha yenyewe. Msomaji makini wa 1982 anayependa filamu zisizomwonea huruma mtazamaji angeusoma uhakiki ule mkali, akafunga gazeti na kwenda moja kwa moja kukata tiketi.

Blade Runner ina funzo la aina nyingine, na naliona zuri zaidi. Ilipotoka, studio ilikuwa imeiongezea sauti ya msimulizi, ambapo mwigizaji mkuu, Harrison Ford, anatueleza mambo tunayoyaona kwa macho yetu, na ikabandika mwisho wa furaha, gari likikimbia kwenye milima ya kijani. Wahakiki walisifu picha, ule mji wa mvua na taa, kisha wakanung'unikia hadithi na sauti ile ya msimulizi. Ebert aliipa nyota tatu, akaeleza kwamba hadithi ya wanadamu ndani yake haikumgusa. Mwaka 1992 likatoka toleo jingine, na 2007 likatoka la mwisho chini ya mkono wa Scott mwenyewe. Sauti ya msimulizi haipo tena. Mwisho wa furaha haupo. Yaani kile ambacho wanung'unikaji wa 1982 walikinyooshea kidole ndicho kilichokatwa. Ebert aliirudia mwaka huohuo wa 2007 na kuiweka kwenye orodha yake ya filamu kubwa. Unaweza kusema alibadili mawazo. Mimi nitasema pia kwamba filamu nayo ilikuwa imebadilika, na imebadilika kuelekea kule walikoelekeza mashahidi wa mwanzo.

Umeuliza kama tunatazama filamu ileile unayoitazama wewe. Mara nyingi ndiyo, lakini katika mazingira tofauti mno. Wewe unatazama labda filamu kumi au ishirini kwa mwaka, ulizozichagua, jioni, ukiwa na mtu umpendaye. Mimi hutazama zaidi ya 200, nyingi sikuzichagua, baadhi saa tatu asubuhi katika ukumbi wa viti mia tatu ulio na watu sita walioketi mbalimbali. Nikishaona shujaa anaachwa na mchumba katika dakika ya kumi, najua dakika ya themanini watakutana mvuani. Kwa hiyo nina njaa ya kitu kipya kuliko wewe, na filamu inayothubutu jambo jipya hata ikiliharibu huniamsha, wakati inayofanya lililozoeleka kwa ustadi huniacha nikipiga miayo. Naomba ulijue hilo kuhusu kila mhakiki unayemsoma, nami nikiwemo.

Na ukumbi uliojaa hubadilisha filamu. Mfano wake bora ninaoujua ni wa 1967. Bonnie and Clyde ilipotoka Agosti mwaka huo, Bosley Crowther, mhakiki mkuu wa New York Times aliyeishika nafasi hiyo tangu 1940, aliishambulia vikali kwa kuchanganya vichekesho na mauaji. Joe Morgenstern wa Newsweek naye akaiponda. Kisha Morgenstern akafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: akarudi kuitazama katika ukumbi wa kawaida pamoja na mkewe, katikati ya watu waliolipa tiketi. Akasikia vicheko vilivyokatika ghafla risasi ilipopiga mahali watu hawakuitarajia. Wiki iliyofuata akaandika tena katika jarida lilelile kwamba uhakiki wake wa kwanza ulikuwa na kosa. Oktoba, mhakiki Pauline Kael akaandika makala ndefu ya kuitetea katika The New Yorker. Filamu ikateuliwa mara 10 kwa Oscar na kushinda 2, na Crowther akaacha kiti chake muda mfupi baadaye. Nikiwa na mashaka na hukumu yangu, huwa namkumbuka Morgenstern akiwa amekaa kwenye kiti chake siku ile, akisikiliza wenzake.

Hapo zamani filamu ilianzia miji michache ikasambaa taratibu, kwa hiyo mhakiki alikuwa na nafasi ya kurudi, na filamu ilikuwa na nafasi ya kusubiriwa. Jaws ndiyo iliyobadili mchezo. Ilitoka tarehe 20 Juni 1975 katika kumbi zaidi ya 400 kwa mpigo, matangazo ya televisheni yakiwa yameshawasha moto, na kuanzia hapo kiangazi kikawa msimu wa filamu kubwa. Siku hizi filamu inafunguliwa maelfu ya kumbi siku moja na hatima yake inajulikana Jumapili jioni. Maoni unayoyasoma yameandikwa ndani ya haraka hiyo. Mwisho wa mwaka nako kuna msukumo wake: tuzo za Oscar zinaangalia filamu zilizoonyeshwa ndani ya mwaka husika, basi studio zinabana zile nzito kwenye miezi ya mwisho ili wapiga kura wazikumbuke, na wahakiki wanaziendea wakiwa wameshajiandaa kuona ukubwa. Miezi ya mwanzo wa mwaka huko Marekani ndiyo jalala la zile zisizotegemewa, na mhakiki naye huingia ukumbini akiwa amelegea. Lakini The Silence of the Lambs ilitoka tarehe 14 Februari 1991 ikaja kuchukua Oscar zote tano kubwa, na Get Out, iliyotoka Februari 2017, ikapata tuzo ya mswada bora. Kwa hiyo angalia uhakiki umeandikwa mwezi gani. Filamu ya Februari iliyosifiwa imelazimika kumshtua mtu aliyekuwa hatarajii kitu.

Haya mengine nayapitia haraka. Maneno ya shangwe yanayoenea saa chache baada ya onyesho la kwanza ni ya wageni waalikwa, usiyahesabu kuwa uhakiki. Studio huwaonyesha wahakiki filamu mapema kwa sharti la kutochapisha kabla ya saa fulani. Saa hiyo ikisogezwa hadi siku yenyewe ya kutoka, mara nyingi wenyewe hawana imani nayo, ingawa mwongozaji Hitchcock aliwanyima wahakiki onyesho la mapema la filamu yake Psycho mwaka 1960 kwa sababu ya kulinda siri tu. Na maneno yaliyonukuliwa kwenye bango yapuuze kabisa. Mwaka 2001 iligundulika kwamba watu wa matangazo wa Sony walikuwa wamembuni mhakiki, David Manning, asiyekuwepo duniani, ili azisifu filamu zao kwenye mabango.

Sasa kuhusu nyota moja na nyota nne kwa filamu ileile. Soma maoni haya mawili, niliyoyatunga mimi kwa ajili yako. La kwanza: "Filamu inachosha, haina roho, na mwongozaji amepoteza muda wetu. Nyota moja." La pili: "Kwa dakika 20 za kwanza kamera haitikisiki. Mwanamke anakunja nguo, anaketi, anasimama, anachungulia dirishani, na hatuambiwi anamsubiri nani. Mimi uvumilivu ulinishinda. Nyota moja." Yote yameponda. Yote yana nyota moja. La kwanza limekwambia jinsi mwandishi alivyojisikia na hakuna zaidi. La pili limekuweka ndani ya chumba kile. Wapo watu, na huenda wewe si mmoja wao, ambao wakifika kwenye "hatuambiwi anamsubiri nani" moyo unawaruka kwa hamu. Uhakiki huo umewahudumia wanaopenda na wasiopenda kwa pamoja, na aliyeuandika hakuificha nafsi yake.

Basi ukisoma, funika nyota kwa kidole. Tafuta vitenzi na vitu: nani anafanya nini, kamera iko wapi, tukio linachukua muda gani, nini kinasikika. Uhakiki usio na kitu hata kimoja cha namna hiyo uache, hata kama unakubaliana nao. Kisha fanya zoezi moja ambalo limewasaidia watu wengi walioniuliza swali kama lako: chukua filamu tano unazozijua kwa moyo, ulizozipenda na ulizozichukia, uzitafutie maoni ya zamani ya wahakiki walewale watatu. Utaona mmoja macho yake yanakwenda kwenye uigizaji, mwingine kwenye picha, mwingine kwenye jinsi hadithi ilivyofungwa. Utaona pia yupo ambaye karibu kila mara anachukia unachokipenda. Huyo usimwache! Mtu anayepingana nawe kila siku kwa sababu zilezile ana manufaa sawa na rafiki. Siku akiandika kwamba filamu fulani ya kutisha ni ndefu, ya kelele na haina aibu, wewe jiandae kutoka nyumbani.

Nirudi kwenye usingizi wako, kwani hapo sitaki uondoke ukiona aibu, na wala sitaki uone kwamba umewashinda wahakiki. Mwaka 1960 katika tamasha la filamu la Cannes ilionyeshwa L'Avventura ya Michelangelo Antonioni. Msichana anapotea kisiwani wakiwa matembezini, wenzake wanamtafuta, kisha taratibu wanaacha kumtafuta, na filamu yenyewe inaacha pia. Hapatikani. Ukumbi ulizomea. Watu walipiga kelele pale picha moja ilipokaa muda mrefu bila kukatwa. Kesho yake kundi la waongozaji na wahakiki likatia saini barua ya kuitetea, baraza la waamuzi likaipa tuzo, na miaka miwili baadaye, katika kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound la Uingereza, ikashika nafasi ya pili kati ya filamu zote zilizowahi kutengenezwa. Waliozomea na waliotia saini walikuwa wameona urefu uleule wa picha ileile. Sitakwambia waliozomea walikuwa wajinga. Walikuwa wamekwenda kumtafuta msichana.

Nadhani na wewe ulikwenda kujua nani atapata nyumba. Hiyo filamu ya ndugu wanaogawana urithi nimeitazama, na nilikuwa miongoni mwa walioisifu. Nimelifungua daftari langu kabla ya kukuandikia. Pale dada mkubwa anapohesabu viti vya sebuleni, mara ya kwanza sita, mara ya pili vitano, nimepigia mstari mara mbili. Kinachofuata ni tukio la jioni uani, nalo ni refu, na pembeni yake nimeweka alama ya kuuliza ambayo sikuiingiza kwenye uhakiki wangu. Ningepaswa kuiingiza. Naomba uniandikie tena: ulisinzia kabla ya viti, au baada yake?